Kaa wa Mida: mnunue angali hai

WASWAHILI husema kaa akiinua gando mambo yamekatika. Anayetaka kuuona ukweli wa maneno hayo na aende Dabaso, karibu na Gede katika Kaunti ya Kilifi, wakati maji yanapokupwa katika hori ya Mida. Mikoko husimama juu ya mizizi yake kama watu waliopandisha nguo zisilowe, na chini yake matope yamejaa mashimo. Katika shimo kubwa huenda mkawa na bwana mmoja wa rangi ya kijani na kahawia, mwenye magando mawili yawezayo kukiumiza vibaya kidole cha mtu.

Wasafiri wengi watokao Mombasa hupita hapa mbio wakienda kuogelea Watamu. Wanakosa mengi. Hori hii imo katika hifadhi ya bahari ya Watamu iliyoanzishwa mwaka 1968, na mwaka 1979 UNESCO iliitambua sehemu hii ya pwani kuwa hifadhi ya viumbe. Huko Dabaso kikundi cha wenyeji wanaohifadhi mikoko kimejenga mkahawa wa mbao juu ya mikoko hiyo, na sifa yake kubwa ni sambusa za kaa.

Lakini msomaji, makala haya si ya mgeni anayeketi akaletewa sahani. Ni ya mama au baba anayemnunua kaa akiwa mzima, akaenda naye nyumbani, kisha akasimama jikoni asijue aanzie wapi.

Wavuvi wengi wa kaa huingia matopeni kwa miguu. Mvuvi hubeba fimbo ndefu yenye chuma kilichopindwa nchani. Huitia shimoni, na kaa akikishika chuma, humvuta polepole. Akimvuta kwa pupa gando hukatika, na kaa asiye na gando hana bei. Wengine hutega madema yenye chambo cha samaki. Kaa akishatoka, hufungwa magando kwa kamba papo hapo.

Jinsi ya kuchagua

Sharti la kwanza ni kaa awe hai. Akishakufa, nyama yake huharibika upesi mno, hasa katika joto la pwani, na moto wa jiko hauwezi kuirudisha kuwa nzuri. Kaa aliyekufa kwa saa usizozijua usimnunue hata kwa bei ya bure. Aliye mzima huchezesha macho na miguu unapomgusa, na ukimwinua miguu yake hailegei kama kamba.

Sharti la pili ni uzito. Kaa hukua kwa kuvua gamba lake la zamani, na akishalivua huwa laini, mwenye maji mengi na nyama kidogo. Mbonyeze kwa kidole upande wa tumbo. Gamba likibonyea, mwache, utalipia maji. Kati ya kaa wawili wa kimo kimoja, chukua aliye mzito.

Sharti la tatu ni kumgeuza utazame kifuniko cha tumboni. Cha dume ni chembamba kama pembetatu, cha jike aliyekomaa ni kipana cha mviringo. Dume huwa na magando makubwa yenye nyama nyingi. Ukimkuta jike aliyebeba mayai chini ya kifuniko hicho, usimnunue. Jike mmoja wa kaa hawa wa mikoko huweza kubeba mayai zaidi ya milioni moja. Mvuvi huuza kile kinachonunuliwa, kwa hiyo wanunuzi wakimkataa jike mwenye mayai, wavuvi nao watajifunza kumwacha matopeni.

Safari ya nyumbani

Mtie kaa ndani ya kikapu cha ukili, umfunike kwa gunia lililoloweshwa maji ya bahari, na umweke kivulini. Akiwa hivyo huweza kuishi zaidi ya siku moja. Usimtumbukize katika ndoo ya maji yaliyotuama, kwani hewa ya ndoo ikiisha naye hufa. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini mwaka 2017, na hata isingepigwa, ingemziba pumzi.

Jikoni

Usimfungue kamba. Mtie ndani ya maji yenye barafu tele, au katika friza, kwa muda wa nusu saa mpaka asitikisike hata ukimgusa. Kumtupa katika maji ya moto akiwa macho ni kumtesa, tena hukurupuka akaangusha magando yake. Akishapoa, mlaze chali, inua kifuniko cha tumbo, na umchome chini yake kwa ncha ya kisu kikali.

Sasa mfungue kamba, bandua gamba la juu, na utupe mashavu ya kupumulia, yale yaliyo kama vidole laini vya kijivu. Toa mdomo, tumbo na kile kifuniko. Msugue matope kwa brashi, mkate vipande viwili, kisha yapasue magando kwa mchi ili viungo vipenye.

Kwa kaa wawili wakubwa, kuna nazi mbili, ukamue tui zito na tui jepesi. Kaanga vitunguu viwili, tia thomu na tangawizi zilizotwangwa, nyanya tatu, bizari na chumvi. Rojo likiiva, tia kaa na tui jepesi, ufunike kwa dakika 15. Gamba litakuwa jekundu, na nyama itakuwa nyeupe isiyo na uangavu. Hapo mimina tui zito na ukoroge bila kukoma kwa dakika tano, lisikatike. Malizia kwa ndimu na pilipili, uandae kwa wali au sima.

Jambo moja zaidi kabla ya kupakua. Si kila mgeni hula kaa. Wapo Waislamu wasiomla kwa sababu huishi majini na nchi kavu, na wapo wanaomla, uliza mapema. Wapo pia watu ambao miili yao haipatani na kaa wala kamba. Mtu akivimba midomo au kubanwa na pumzi baada ya kula, mpeleke hospitali mara moja, wala usingoje aone nafuu.

Weka bakuli la maji ya ndimu mezani kwa kunawia. Kaa huliwa kwa mikono, taratibu, na mazungumzo yawe mengi. Watoto wafundishwe kutafuta nyama ndani ya kila mguu, maana kuna mtu aliyezama magotini matopeni ili kuipata.