Gari la Marehemu na Kikopo cha Nta

Nilipomaliza eda, kazi ya kwanza iliyonikabili nje ya mlango wangu ilikuwa gari. Marehemu mume wangu, Allah amrehemu, aliliegesha chini ya mwarobaini ulio kando ya nyumba yetu hapa Mombasa siku ya mwisho aliyorejea na afya yake, na tangu siku hiyo hapana aliyeligusa. Kwa miezi minne na siku kumi pepo za kusi zilililetea chumvi ya bahari, majani na tunda za mwarobaini zikalidondokea, na kunguru wakaifanya boneti kuwa baraza lao. Rangi yake ya buluu iliyokoza, ambayo mwenyewe aliitunza kila Ijumaa asubuhi kabla ya kwenda kukoga kwa ajili ya swala, ilikuwa imefifia kama kanga kuukuu.

Gari hilo halikuwa langu tena, wala halikuwa la mtu mmoja. Lilikuwa mirathi. Mavyaa yangu ana sudusi yake, mimi nina thumuni yangu, na kinachobaki ni cha watoto watatu, wawili kati yao hawajabaleghe. Tuliafikiana kwamba, hati zikikamilika katika Mahakama ya Kadhi, gari liuzwe na kila mtu apewe haki yake. Shemeji yangu alilizunguka, akatikisa kichwa, akaniambia, “Shemeji, likikaa hivi litauzwa kwa bei ya chuma.” Maneno hayo yaliniingia. Mali ya yatima ni amana, na amana hailindwi kwa kutoiiba tu. Kuiacha ioze nako ni kuipoteza.

Kijana wangu mkubwa, mwenye miaka 17, alijitolea kuliosha Jumamosi iliyofuata. Alichota sabuni ya unga tunayofulia nguo, akaitia ndooni, akachukua sponji ya jikoni yenye upande mkavu, na saa sita mchana, jua likiwa utosini, akaanza kusugua. Maji ya bomba yalikuwa hayajatoka kwa siku nne, kwa hiyo tulinunua mitungi minne kwa muuza maji wa mkokoteni. Yalipokwisha, akachota ya kisimani, ambayo kila mkaazi wa kisiwa hiki anaijua ladha yake. Gari lilipokauka lilijaa madoa meupe, na ukilitazama kwa upande, rangi ilikuwa na mikwaruzo midogo ya mviringo mithili ya utando wa buibui. Kijana alisimama na sponji mkononi, akasema kwa sauti ndogo, “Mama, nimeliharibu gari la Baba.”

Sikumkemea. Mimi mwenyewe nilikuwa nimempa ile sabuni.

Jumatatu yake nilikwenda na mwanangu kwa mzee mmoja ambaye amepaka magari rangi kwa miaka mingi katika gereji iliyo karibu nasi. Alitusikiliza, akacheka kwa upole, akasema, “Mama, gari huogeshwa, halifuliwi.” Kisha akatufundisha. Juu ya rangi ya magari ya siku hizi pana tabaka angavu, jembamba kuliko unywele, na hilo ndilo linalong'aa na ndilo linaloikinga rangi iliyo chini yake. Sabuni ya unga imetengenezwa ing'oe jasho na mafuta katika nguo. Ina magadi ndani yake, na huondoa kila nta iliyopakwa. Chembe zake zisipoyeyuka hukwaruza kama mchanga. Maji ya kisima nayo huwa na chumvi na chokaa: maji yakikauka, hivyo viwili hubaki juu ya rangi, na jua la mchana huharakisha mambo yote hayo. Kuhusu kunguru, alisema kinyesi cha ndege kina tindikali inayolila lile tabaka, na kwamba hakifai kukwanguliwa kikiwa kikavu. Hufunikwa kwa kitambaa kilicholowa kwa dakika chache, kikalainika, ndipo kikaondolewa.

Tulipoagana nilikuwa na orodha fupi, na nafurahi ilikuwa fupi, kwa sababu katika duka la vipuri rafu ya vitu vya kuoshea magari ilikuwa ndefu kuliko ya vyakula vya watoto. Kuna cha kung'arisha tairi, cha dashibodi, cha vioo, cha harufu, na kila chupa inaahidi muujiza. Nilijiuliza swali moja kwa kila chupa: hii inalinda, au inapendezesha tu? Vya kupendezesha niliviacha vyote. Nilinunua chupa ndogo ya shampuu ya gari, ambayo si kali na haikusudiwi kuondoa nta, pamoja na vitambaa viwili vya nyuzi laini. Nililipa kwa mfuko wangu, nisije nikaingiza mkono katika haki ya wengine kwa jambo ambalo sikuwataka ushauri.

Tuliliosha tena baada ya swala ya alfajiri, likiwa kivulini na bado baridi. Ndoo mbili: moja ya maji ya shampuu, nyingine ya maji matupu ya kusuuzia kitambaa kila kinapotoka garini, ili mchanga usirudi juu ya rangi. Tulianza juu tukashuka, kwa sababu uchafu mwingi na mgumu hukaa chini. Tairi tuliziacha mwisho, na tukazitengea tambara lao. Kisha tukalikausha mara moja kwa kitambaa cha pili. Kazi nzima ilichukua ndoo tatu za maji matamu na kopo la kumwagia. Mara ya kwanza tulikuwa tumemaliza mitungi minne ya lita 20 na ya kisima juu yake, na gari likatoka baya zaidi. Nilikumbuka tunayofundishwa tangu madrasa, kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, akitawadha kwa kibaba kimoja cha maji na akikoga kwa pishi moja hadi vibaba vitano, na kwamba alikataza israfu ya maji hata kwa anayetawadha kando ya mto unaopita. Ikiwa ibada ina kiasi chake, itakuwaje gari?

Ikabaki nta. Fundi alikuwa ametueleza kuwa ziko aina mbili. Moja hutokana na mti wa jamii ya mvumo na mkoche, uitwao karnauba, unaoota kaskazini-mashariki mwa Brazili. Mti huo huyavika majani yake nta ili usipoteze maji wakati wa kiangazi. Nta yake hung'aa vizuri sana, lakini katika joto na chumvi ya pwani haidumu, huenda wiki kadhaa tu. Ya pili hutengenezwa viwandani, haina uzuri ule, lakini hustahimili kwa miezi. Kwa gari linalolala nje kila siku karibu na bahari, yeye huishauri hiyo ya pili. Nilikuwa tayari kurudi dukani, hadi kijana wangu alipofungua buti na kutoa kikopo cha bati kilichofungwa ndani ya kitambaa. Kilikuwa cha baba yake. Nta ya karnauba, nusu imetumika, na alama ya vidole vyake ingali juu yake.

Tuliitumia hiyo. Tulipaka kidogo kidogo, upande mmoja baada ya mwingine, tukaacha ikauke hadi ikafanya ukungu, kisha tukaifuta. Adhuhuri ilipoingia nilikwenda kutawadha, na mavyaa yangu, aliyekuwa ameketi karibu, akanishika mkono.

“Mwanangu, tazama. Maji hayakai mkononi mwako.”

Kweli. Juu ya vidole na kiganja, maji yalisimama tone tone kama yanavyosimama juu ya jani la myugwa. Nta ilikuwa imeziba ngozi, na udhu hautimii palipo na kizuizi kinachozuia maji yasifike. Nilisugua kwa sabuni ya vyombo mara tatu, na chini ya kucha kwa mswaki mkuukuu, hadi maji yakatandaa sawasawa. Hapo ndipo nilipofahamu kwa mkono wangu yale aliyoyasema fundi kwa mdomo: kwamba nta huweka pazia baina ya maji ya chumvi na rangi, na kwamba sabuni ya vyombo, inayofaa kuiondoa mkononi, kwa sababu hiyo hiyo haifai kuoshea gari. Dada msomaji, ukipaka gari nta, vaa glavu, au jitazame mikono kabla ya kutia nia ya udhu.

Sasa nifike kwenye jambo lililoniandikisha makala haya. Mlango wa nyuma wa kushoto ulikuwa na mkwaruzo mrefu, wa siku nyingi, ambao nta haikuuficha. Muuzaji wa duka la vipuri alikuwa amenionyesha chupa akasema, “Hii mama inafunika kila kitu. Mnunuzi hataona.” Nilimuuliza fundi. Alisema polishi ni mbili. Iko inayokata lile tabaka angavu kidogo sana hadi mkwaruzo mdogo ukaisha; hayo ni matengenezo ya kweli, ila yasirudiwe mara nyingi kwa kuwa tabaka lenyewe ni jembamba. Na iko inayojaza mkwaruzo kwa mafuta. Baada ya kuoshwa mara chache mafuta huondoka na mkwaruzo hurudi. Kisha akapitisha ukucha juu ya mkwaruzo wetu, na ukucha ukanasa. “Huu umepita tabaka,” akasema. “Huu hautoki ila kwa kupaka rangi mlango mzima.”

Usiku ule kijana wangu alisema tununue ile ya kujaza. “Kila mtu hufanya hivyo, Mama. Na pesa si zetu, ni za wadogo zangu.” Sitajifanya bora kuliko nilivyo: maneno yake yalinigusa. Nilikuwa mjane mwenye watoto watatu, na kila shilingi itakayopunguzwa katika bei ilikuwa inapunguzwa katika fungu la yatima. Nilijiambia huenda huku ndiko kuilinda amana.

Mavyaa yangu alikuwa akisikiliza. Hakutoa hotuba. Alimkumbusha mjukuu wake kisa cha Mtume, rehema na amani zimshukie, alipopita sokoni akatia mkono ndani ya lundo la nafaka, akakuta chini pana umajimaji. Muuzaji akasema ilinyeshewa na mvua. Mtume akamuuliza mbona hakuiweka hiyo juu watu waione, akabainisha kuwa mwenye kughushi si katika sisi. Kisha akamwambia, “Babako hakuficha mkwaruzo ule alipokuwa hai. Usimfichie leo amekufa.”

Tukauacha mkwaruzo kama ulivyo. Tuliupaka nta ili chumvi isiingie ikaleta kutu, basi.

Hati zilipokamilika alikuja mnunuzi, baba mmoja wa makamo aliyetafuta gari la kupelekea watoto skuli. Alilipenda. Alizunguka upande wa kulia, akagusa boneti, akasifu rangi. Shemeji alikuwa akianza kutaja bei, na kijana wangu akatangulia. “Samahani, Mzee, njoo uone huku.” Akamwongoza hadi mlango wa kushoto, akamwonyesha mkwaruzo, kisha akamweleza pia ile mikwaruzo ya utando wa buibui, akasema, “Hii ya pili ni yangu mimi. Niliosha kwa sabuni ya nguo.” Mnunuzi alinyamaza, akahesabu, akapunguza shilingi elfu 15. Shemeji alinitazama. Nilitikisa kichwa kukubali, na moyo wangu, nakiri, ulikuwa unahesabu sudusi na thumuni.

Jioni tuligawanya mbele ya shemeji na mavyaa. Kijana wangu ndiye aliyeandika mafungu daftarini. Alipofika kwenye fungu la dada yake mdogo alisimama, akatoa katika fungu lake shilingi elfu tatu, akaziongeza kwa wadogo zake, akisema hiyo ndiyo sehemu ya mikwaruzo yake. Hakuna aliyemtaka kufanya hivyo. Nyanya yake alimshika kichwa akamwombea dua.

Kikopo cha bati hatukukiuza pamoja na gari. Kimebaki rafuni na nta kidogo chini yake, na siku za Ijumaa kijana huenda nacho kwa baba yake mkubwa, na ndoo mbili, alfajiri, kabla jua halijapanda. Hurudi mapema, husugua mikono yake kwa sabuni ya vyombo, hutia maji, na kabla ya kukoga kwa ajili ya swala hunionyesha viganja vyake. “Yametandaa, Mama?” huniuliza. Nami hutazama vizuri kabla ya kumjibu.

Mola awarehemu waliotutangulia, na atuwezeshe kuzirudisha amana kwa wenyewe. Amin.