Tramu ya Kwenda Saggart

Ni Novemba. Saa kumi na nusu tu giza limeshaanza kuingia Dublin, na vioo vya tramu ya laini nyekundu vimepiga ukungu. Jirani yangu wa kiti amepakata mfuko: unga wa muhogo na sombe, yaani kisamvu, iliyogandishwa, vyote kutoka maduka ya Moore Street. Aliponisikia naongea na simu, akageuka.

"Uko mtu wa wapi, kaka?"

"Tanga, mama. Na wewe?"

"Mimi wa Goma."

Anakwenda kupika kwa mdogo wake, aliyepanga nyumba karibu na kituo cha Fortunestown. Yeye mwenyewe ni mwomba hifadhi, analala kwenye hoteli moja mjini iliyokodiwa na serikali. "Pale hatupikake. Tunakulaka tu vile banatupatia." Posho ya mtu mzima ni euro 38.80 kwa wiki, na sombe ya barafu si bei ya sokoni Goma.

Alishuka Fortunestown. Mimi nikaenda hadi mwisho wa reli, Saggart, nikatembea mpaka hoteli ya Citywest, wanakokaa waomba hifadhi: vyumba 764, ukumbi wa mikutano ambamo watu walichanjwa wakati wa korona, na bendera za Ireland kwenye nguzo za taa barabarani. Hizo bendera hazikutundikwa kwa sikukuu. Oktoba 2025 zilizuka ghasia hapa dhidi ya waomba hifadhi, gari la polisi likachomwa moto.

Kwa miaka kadhaa serikali ilikuwa mpangaji tu hapa. Mwaka 2025 ikanunua eneo zima kwa takriban euro milioni 148. Watu wameshtushwa na bei hiyo. Mimi nashtushwa zaidi na kodi ya pango. Tangu mwaka 2000 waomba hifadhi wamewekwa zaidi kwenye majengo ya watu binafsi: mahoteli, nyumba za wageni, hata kambi ya zamani ya likizo kule Mosney. Mwaka 2024 gharama zilivuka euro bilioni 1, nyingi zikiishia mifukoni mwa wenye majengo. Machi mwaka huohuo ndipo serikali ilipotangaza mpango wa kuwa na vitanda vyake 14,000 ifikapo 2028. Wanaohitaji malazi wamezidi 30,000.

Kituoni, nikingoja tramu ya kurudi, mzee mmoja mwenyeji aliniambia hana ugomvi na wageni. Habari ya kununuliwa hoteli aliisikia redioni, kama watu wengine wote, na kwa daktari foleni ilikuwa ndefu tayari. Kuchoma magari ni uhuni, hakuna jina jingine. Ila swali la mzee, kwa nini wenyeji hawakuambiwa mapema, ni halali, na lilistahili kujibiwa kabla ya hundi kuandikwa.

Kununua ni sawa, tena wamechelewa. Ila wanapopiga hesabu za vitanda 14,000, waweke na majiko.