Testi zote kijani, na mathe karibu aitwe mwizi

Wasee, leo nawapa stori ya vile kompyuta yangu iliniambia kila kitu kiko sawa, halafu Jumapili saa tisa mathe akakaribia kuitwa mwizi ndani ya nyumba yake mwenyewe hapa Kayole, chai ikiwa mezani.

Kama huandiki programu, usitoroke. Hii ni stori ya pesa, na ya uongo ambao mtu anajiambia bila kujua.

Mathe ni mweka hazina wa chama. Wako wamama kumi na wanne. Kila mwisho wa mwezi yeye hukaa na daftari na simu, anapitia meseji za M-Pesa moja moja, halafu anapiga ukurasa picha na kuituma kwa grupu ya WhatsApp. Picha yenyewe ina giza, mwandiko umelala. Nikamwambia, "Mathe, hii kazi niachie." Baada ya wiki mbili nilikuwa nimemtengenezea ukurasa wa kutumia kwa simu: anaingiza majina na pesa, anabonyeza, inatoka picha safi yenye jedwali. Yeye ni kuituma tu. Hakuna mtu wa kufungua tovuti, hakuna bando ya kuisha bure.

Ile picha inachorwa na kitu kinaitwa kanvasi. Kiko ndani ya brauza zote za siku hizi. Apple ndio walikianzisha mwaka wa 2004. Ni kama karatasi tupu. Ukiiambia fillText, inaandika neno mahali umetaka. Ukiiuliza measureText, inakuambia hilo neno litachukua upana wa pikseli ngapi. Hilo swali la upana nililihitaji sana, maana kwa chama kuna wamama wenye majina matatu na cheo cha kanisani juu yake. Kwa hivyo nikaandika kipande cha programu: kama maandishi yamezidi safu, kata herufi ya mwisho, pima tena, kata tena, mpaka yatoshe.

Mimi si mtu wa kuacha kazi bila testi. Natumia Jest, na testi zangu hazifungui brauza ya kweli. Zinaendeshwa ndani ya jsdom, brauza ya kuigiza iliyoandikwa kwa JavaScript. Iko na vitufe, iko na fomu, lakini yenyewe haichori chochote. Ukiiomba kanvasi, inalalamika kwamba getContext haijatengenezwa, inakupa null, na testi inakufa hapo hapo. Ndio maana watu huunda kanvasi feki: kitu chenye majina yale yale, fillText na measureText, lakini ndani ni hewa. Kuna hata pakiti iliyo tayari, jest-canvas-mock. Mimi nikajiandikia yangu, mistari minane hivi.

Hapa ndipo nilikosea, na kosa lenyewe ni dogo kabisa.

measureText yangu feki ilikuwa lazima irudishe upana fulani. Kwanza nikaandika 100. Testi ikaganda, feni ya laptopu ikaanza kulia kama matatu ikipanda mlima. Shida ilikuwa gani? Safu yangu ilikuwa nyembamba kuliko 100, na kanvasi feki ilisema kila kitu ni 100. Hata ukikata mpaka herufi ziishe, neno tupu nalo ni 100. Kwa hivyo itakata milele. Nikacheka, nikabadilisha 100 ikawa 0. Testi zikapita. Kumi na tisa, zote kijani. Nikafunga laptopu nikijiskia fundi.

Sasa angalia nilichofanya. Upana ukiwa 0, hakuna kitu kinaweza kuzidi safu. Kumaanisha kile kipande cha kukata herufi hakikukata hata mara moja ndani ya testi zote kumi na tisa. Niliuliza swali, nikaandika jibu mwenyewe, halafu nikajipa alama. Wazee walishasema mwamba ngoma huvutia kwake.

Na kulikuwa na jambo lingine. Kile kipande cha kukata nilikuwa nimekitumia kwa safu zote mbili. Majina na pesa.

Kwa laptopu yangu picha ilitoka fiti. Lakini fonti niliyochagua haikuwa kwa simu ya mathe, simu ikaweka fonti yake, ambayo ni pana kidogo. Kidogo tu.

Jumapili picha ikaingia kwa grupu wote wakiwa wameketi. Miwani zikavaliwa. Kimya. Halafu shosho mmoja, yule hukaa karibu na mlango, akauliza polepole, "Mweka hazina, mimi nimeweka elfu kumi na mbili na mia tano. Mbona hapa naona elfu moja mia mbili na hamsini?"

12,500 ilikuwa imekatwa sifuri ya mwisho ikabaki 12,50. Na hakuwa peke yake. Kila aliyefika elfu kumi alikuwa amepoteza sifuri moja. Wenye elfu tatu na elfu nane walikuwa sawa kabisa, na hiyo ndio iliharibu zaidi, kwa sababu ilikaa kama kuna mtu amechagua wenye pesa nyingi akawapunguzia.

Hakuna aliyetaja neno mwizi. Lakini mama mmoja aliweka kikombe chini bila kumaliza chai. Mwingine akauliza, "Kwani hii imeandikwa na nani?" Mimi nilikuwa jikoni, nasikia yote. Mathe hakunitaja. Aliinuka, akaenda chumbani, akarudi na lile daftari lake, akaanza kusoma jina kwa jina, meseji za M-Pesa zikiwa kando. Ilichukua karibu saa nzima. Hesabu ikatoshana mpaka shilingi ya mwisho.

Jioni nikaosha vyombo bila kuambiwa. Akaja akasimama mlangoni.

"Hiyo kitu yako, uliijaribu na nani kabla uniletee?"

"Niliijaribu, mathe. Testi kumi na tisa."

"Sijauliza ngapi. Nimeuliza na nani."

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeijaribu na mimi mwenyewe.

Kuna watu watakuambia uachane na vitu feki kabisa. Mimi sikubali. Huwezi kufungua brauza nzima kila ukibadilisha mstari mmoja. Kanvasi feki ni kama karani: muulize aliambiwa kuandika nini, atakusomea vizuri. Lakini usimuulize kama iliandikika na ikatosha. Hakuona.

Kwa hivyo nimebadilisha vitu vitatu. Kwanza, pesa haikatwi. Jina likizidi nalikata na kuweka nukta tatu, ili mtu ajue limekatwa. Pesa ikizidi napunguza ukubwa wa fonti, na kuna testi ya kuhakikisha 12,500 inabaki 12,500 hata safu iwe nyembamba vipi. Pili, measureText yangu feki siku hizi inapiga hesabu: idadi ya herufi, mara ukubwa wa fonti, mara 0.6. Bado ni uongo, lakini angalau neno refu ni pana kuliko neno fupi, na neno tupu ni sifuri. Siku niliiweka, testi mbili ziligeuka nyekundu papo hapo. Sijawahi kufurahia nyekundu hivyo. Tatu, nina testi chache za Playwright ambazo zinafungua brauza ya kweli, zinapiga picha ya jedwali na kuilinganisha na ile niliyokagua kwa macho. Na kabla ya kumpa mathe kitu kipya, naomba simu yake kwanza.

Lakini kile kinanisumbua mpaka leo ni ile testi iliyoganda. Ilikuwa inajaribu kuniambia kitu, na mimi nikatafuta namba ya kuinyamazisha. Wewe pia ukiona umebadilisha kitu feki ili testi ipite, simama hapo. Jiulize ulikuwa unapima kazi yako ama ulikuwa unatafuta kijani.

Mathe bado anatumia ukurasa wangu. Mwezi uliopita alituma ile picha kwa grupu, safi, kila sifuri mahali pake. Chini yake akatuma picha ya daftari pia. Sijamuuliza kwa nini.