Kituo Kinapita, Mlima Unakimeza

Nafundisha fizikia sekondari hapa Arusha. Jioni nyingi utanikuta uwanjani na wanafunzi, tunasubiri Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu kipite. Mara nyingi hatukioni. Wageni hudhani tunakosa darubini. Darubini ya nini? Kituo kinakwenda kasi ya kilomita 28,000 kwa saa. Ukimaliza kulenga, kimeshapita. Kikiwa juani kinang'aa kuliko nyota yoyote, na taa za mjini hazikifichi.

Anayetusumbua kwanza ni Mlima Meru. Watalii wanaupiga picha, mimi naupigia hesabu. Kilele kiko mita 4,566, mji uko kwenye mita 1,400 hivi, na umbali kati yao ni mdogo. Ukisimama katikati ya mji, mlima unaziba anga la kaskazini nyuzi kumi na kitu juu ya upeo wa macho. Kituo kikipita vizuri kabisa tunacho kwa dakika kumi hivi. Kikitokea kusini-magharibi kwenda kaskazini-mashariki, mbili za mwisho ni za mlima. Mipito ya chini upande wa kaskazini huwa naifuta kwenye daftari bila kuuliza mtu. Ratiba ya kwenye simu haijui kama kuna Meru.

Halafu kuna kivuli cha Dunia, na hapa ndipo watu wazima wananibishia. Tunachokiona ni mwanga wa jua unaokipiga kituo kule juu, kilomita 400. Ulaya ya kaskazini wakati wa kiangazi jua halizami mbali, wanakiona hata usiku wa manane. Kwetu jua linatumbukia wima. Linazama saa kumi na mbili na nusu hivi. Ikikaribia saa mbili usiku, kituo kinapita utosini kikiwa gizani, na watu ndani yake, na wewe huoni kitu. Wakati mwingine kinazimika katikati ya anga. Mtoto mmoja aliwahi kupiga ukelele, "Mwalimu, kimeanguka!"

Kisha kuna mawingu. Juni 2024, wanaanga Butch Wilmore na Suni Williams walipanda kituoni kwa chombo cha Starliner, safari ya siku nane hivi. Heliamu ikavuja, injini ndogo za kuongozea zikagoma, chombo kikarudishwa kitupu Septemba. Wanafunzi wakataka kuwaona "wale waliokwama". Juni, Arusha! Mawingu yamelala juu ya mji kama blanketi, Julai hivyo hivyo. Wawili hao walirudi kwa chombo kingine Machi 2025, kikatua baharini saa saba kasoro usiku kwa saa zetu, tarehe 19. Kundi lile la wanafunzi halikukiona kituo hata jioni moja.

Kukiwa na mawingu nawasha redio ya mkononi tukisikilize kituo, megahetzi 145.800. Kikija unapandisha hadi 145.805, kikiondoka unashusha hadi 145.795, kwa sababu kasi yake inahamisha masafa. Sauti ya mwanaanga nimeisikia mara chache sana. Siku nyingi ni mchakacho mtupu, na wazazi waliosimama kando wanaangalia saa.

Ukitaka kukiona, usije Juni. Njoo Januari au Februari, twende Kisongo ambako kusini ni kweupe na mlima umesogea pembeni. Na ufike robo saa kabla. Nimechoka kuwajibu wanaoshuka kwenye bodaboda kwamba kimeshapita.