Drepanositozi: panya wa maabara wanaondoa lawama kwa mama

Mtoto mchanga akivimba mikono na miguu, akalia kila anapobebwa, kuna familia hapa Kindu zinazoanza kutafuta mchawi. Wakwe wanasema kwao hakuna ugonjwa wa namna ile, baba anamgeukia mama. Familia iliyokimbia vita, ikiishi kwa watu, inaogopa hata kusema, isije ikaambiwa imeleta laana.

Ugonjwa huo ni drepanositozi, ule wengi wanaouita SS. Chembe nyekundu za damu zinajipinda kama mundu na kuziba mishipa midogo. Mfupa unakosa hewa, ndiyo maumivu yanaanza. Kwa wengine kichwa cha mfupa wa paja kinakufa, wanabaki wakichechemea.

Panya wa kawaida hana ugonjwa huu. Mwaka 1997, makundi mawili ya watafiti wa Marekani yalizima jeni za panya zinazotengeneza hemoglobini, ile inayobeba hewa ndani ya damu, yakaweka jeni za binadamu mwenye SS. Panya waliozaliwa walikuwa na chembe zilizojipinda, upungufu wa damu na viungo vilivyoharibika. Hakuna aliyewaroga. Jeni ilitosha.

Na jeni hiyo hutoka pande mbili. Mtoto wa SS amepewa moja na baba, moja na mama. Wazazi wote wawili wakiwa AS, kwa kawaida wao hawaugui, lakini kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kuleta mtoto wa SS. Anayemfukuza mama anasahau kwamba baba naye ametoa yake.

Mwaka 2007, panya wa aina hiyo walipata nafuu baada ya chembe zao wenyewe kurekebishwa na kurudishwa mwilini. Mwisho wa 2023, Uingereza ikaruhusu kurekebisha jeni za wagonjwa. Bei ya matibabu hayo bado iko mbali sana na mzazi wa Maniema.

Kilicho karibu zaidi ni dawa ya hidroksiurea. Ilijaribiwa kwa watoto wa Kinshasa, Luanda, Kilifi na Mbale. Matokeo ya 2018 yalionyesha kwamba maumivu, malaria, kuongezewa damu na vifo vilipungua. Lakini inatolewa na munganga, na damu inapimwa mara kwa mara.

Nyumbani, mtoto anywe maji ya kutosha, alale ndani ya chandarua, afunikwe wakati wa baridi. Akipata homa, apelekwe kituo cha afya siku ile ile.

Kwa familia zenye kuhamahama, matokeo ya kipimo cha damu yawekwe pamoja na kadi ya chanjo. Munganga wa mahali papya hamjui mtoto. Karatasi hiyo itamwambia aanzie wapi.