Puliza Kwanza

"Puliza," mkunjaji wa parachuti aliniambia pale Diani, akinipa pindo la mwavuli ambao nilikuwa nimeshuka nao mara kadhaa. Nikabandika kitambaa mdomoni, nikapuliza. Upande wa pili, kiganja kikahisi pumzi yangu. Akanipa kipande kipya. Hapo mashavu yakavimba tu, kama ya mpiga zumari.

Mwavuli wenyewe ulikuwa safi: hauna tundu, hauna uzi uliofumuka. Nilikuwa nimesafiri kwa basi usiku kucha kutoka Nairobi ili niruke, naye ananiambia leo hapana. Nikamwambia basi, nitasaini karatasi kwamba lolote litakalotokea ni langu. Akacheka.

"Kaka, kitambaa hakisomi sahihi."

Akanieleza. Hii ni nailoni aina ya F-111. Ikiwa mpya, kwenye kipimo cha maabara hupitisha hewa futi za ujazo 0 hadi 3 kwa dakika katika kila futi moja ya mraba, kwa sababu kiwandani nyuzi hubanwa kwa joto na mashine hadi zikashikana. Lakini kila mwavuli unapokunjwa, ukakandamizwa kwa magoti kutoa hewa, ukasuguana na mchanga, nyuzi husogea kidogo. Ukisharuka nao mara mia kadhaa, vijitundu visivyoonekana vimeshafunguka. Bado unafunguka, bado unapendeza angani, ila unashuka kasi zaidi, na ukivuta breki karibu na ardhi haukubebi kama zamani. Vitambaa vya siku hizi vilivyopakwa silikoni hukaa zaidi, lakini navyo huchoka.

Nikanyamaza. Safari iliyopita nilitua vibaya, kifundo kikateguka, na kwa miezi miwili kila aliyeniuliza nilimjibu kwamba nilichelewa kuvuta breki. Nikamuuliza kama ni kitambaa.

"Labda kitambaa, labda wewe. Labda vyote."

Jioni nilikwenda Likoni kwa mama. Alikuwa amejifunga leso yake kuukuu, ile ambayo husema haikuwa na raha mpaka ilipofuliwa miaka ikalainika na kupitisha upepo. Nikashika pindo lake, nikapuliza. Pumzi ikapita yote.

"Wewe una nini?" akauliza.

Nikamwambia leo sikuruka.

"Alhamdulillahi," akasema, na hakuuliza kwa nini.