Nguvu ya Pikipiki Haiko Katika Ngurumo



Injini nayo hupumua. Kila mtu ajua ya kuwa pikipiki hunywa petroli, lakini ni wachache wakumbukao kwamba hunywa na hewa, tena nyingi mno kupita petroli. Chukueni moja ya pikipiki hizi za abiria, tuziitazo bodaboda, yenye injini ya sentimeta za ujazo 150. Injini hiyo huvuta pumzi mara moja katika kila mizunguko miwili. Ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, basi huvuta pumzi mara 3,000. Hata tukikumbuka kwamba silinda haijai kabisa kila mara, pumzi hizo zikikusanywa ni karibu mapipa mawili ya lita 200. Hayo ni kwa dakika moja tu.

Je, hewa hiyo huku kwetu Kisaki ni hewa ya namna gani? Wakati wa masika barabara yetu ni tope, na msafiri mwenye busara hungojea treni ya TAZARA. Mvua zikiisha, tope lile lile hukauka, magurudumu huliponda, likawa vumbi laini kama unga wa muhogo. Lori moja likipita, mwenye kulifuata haoni njia kwa muda. Ndani ya vumbi hilo mna chembe za mchanga, nazo ni ngumu kupita chuma cha kawaida. Zikiingia katika silinda husugua ringi na kuta za silinda kama msasa. Hazisugui sana kwa siku moja. Lakini haba na haba hujaza kibaba.

Ndiyo sababu kila pikipiki huja na sanduku dogo chini ya kiti, na ndani yake mna chujio la hewa, ambalo mafundi wetu huliita eaklina. Chujio hilo ndilo lililoleta ugomvi katika nyumba moja ya jumuiya yetu, na ugomvi huo ndio ulionifanya niandike.

Mzee mmoja aliuza ufuta wake wa mwaka mzima, akaongeza mkopo wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa, akamnunulia mwanawe pikipiki. Mimi ndiye niandikaye daftari la mkopo huo, kwa hiyo habari zao hunifikia mapema. Kwa miezi michache marejesho yalikuja vizuri. Kisha kijana akaanza kulalamika kwamba pikipiki imekuwa nzito, haipandi mlima, abiria wanamkimbia. Akataka kukata sanduku lile la hewa, alitupe, na mahali pake afunge kile ambacho vijana hukiita koni, yaani chujio la wazi lililochongoka, lifungwalo moja kwa moja kwenye kabureta. Wauzaji husema koni huongeza mbio. Wenzake wawili walikwisha kuifunga, na pikipiki zao zilikuwa zikinguruma hata mtu aliye shambani akajua nani anapita.

Baba yake akakataa. Kijana akauliza kwa nini. Mzee akajibu, “Kwa sababu nimekataa.” Basi nyumba ikawa haina maneno mema. Wiki mbili hawakula pamoja, na marejesho nayo yakasimama. Mama wa nyumba ndiye aliyekuja ofisini parokiani, akaniambia, “Mwalimu, wewe umesoma. Waamue hawa, maana mimi nimechoka kupeleka chakula sehemu mbili.”

Mimi ni karani, lakini nilisomea ualimu, na jina hilo halijanitoka. Nami chuoni nilifundishwa kwamba jambo linaloweza kupimwa halina haja ya kugombaniwa. Mtume Paulo naye aliwaandikia Wathesalonike wayapime mambo yote na kulishika lililo jema. Nikawaambia baba na mwana: “Tusiamue kwa maneno. Tupime.”

Kupima namna hii si jambo geni duniani. Huko Marekani kuna viwanja maalum vya kupimia mbio za magari katika mstari ulionyooka. Kimoja katika vile vya kwanza kilifunguliwa mwaka 1950 mjini Santa Ana, katika jimbo la California. Gari husimama kabisa, kisha huondoka kwa nguvu zake zote hadi mwisho wa robo maili, yaani kama mita 402, na saa huonyesha muda uliotumika. Mtu aliyefunga kifaa kipya cha kuvutia hewa huenda huko ili ajue kama fedha yake imeleta faida au imekwenda bure. Kwanza hulipima gari jinsi lilivyotoka kiwandani. Kisha hubadili kitu kimoja tu, akapima tena. Akibadili vitu viwili kwa pamoja, hatajua kipi kilichomsaidia na kipi kilichomponza.

Sisi hatuna kiwanja cha namna hiyo. Tulipata ruhusa ya mwenyekiti wa kitongoji, tukachagua kipande cha barabara kilichonyooka, asubuhi na mapema kabla ya ng'ombe na watoto kutoka. Fundi mwashi alituazima kamba yake ya kupimia ya mita 50. Tukaivuta mara nane, tukapata mita 400, tukapiga mambo mwanzo na mwisho. Vijana wawili walisimama kila upande kuzuia wapita njia. Mpandaji alikuwa yule yule kijana, amevaa kofia ngumu, na pikipiki ilikwenda peke yake. Nawaambieni hivi ili mtu asiseme kwamba karani wa parokia amefundisha vijana mashindano ya barabarani. Kushindana barabarani ni kutafuta msiba.

Watu wawili walishika saa za simu zao. Kila namna tuliipima mara nne, mbili za kwenda na mbili za kurudi, ili upepo na mwinuko mdogo wa njia visitudanganye.

Kwanza tuliipima pikipiki kama ilivyokuwa, na sanduku lake na chujio lake. Wastani ulikuwa sekunde 23.2.

Kisha tukafunga koni, ambayo kijana aliiazima kwa rafiki yake. Wastani ukawa sekunde 21.6. Vijana wakapiga kelele za furaha. Mzee aliinama, akachora chini kwa fimbo yake, asiseme neno. Kijana akanitazama kama mtu aliyeshinda kesi.

Nikasema, “Bado mara moja.” Nilikuwa nimenunua dukani chujio jipya la aina ile ile ya kiwandani. Tukaondoa koni, tukarudisha sanduku, tukatia chujio jipya. Kijana akapanda tena. Wastani ukawa sekunde 21.5.

Basi watu wakanyamaza. Wasomaji, msinielewe vibaya: hiyo sehemu moja ya kumi ya sekunde si kitu. Pikipiki ile ile, na chujio lile lile, ilitofautiana yenyewe kwa yenyewe hadi sekunde 0.4 kutoka mbio moja hadi nyingine. Kwa hiyo siwezi kusema kwamba chujio la kiwandani lilishinda koni. Nasema tu kwamba koni haikulishinda chujio safi. Kilichoshindwa ni chujio chafu.

Tukalifungua lile la zamani mbele ya watu wote. Sponji yake ilikuwa imejaa vumbi na mafuta hata imekuwa kama udongo wa mfinyanzi. Haikuwa imeoshwa tangu siku pikipiki iliponunuliwa. Kumbe kijana alisema kweli aliposema pikipiki imekuwa nzito. Ilikuwa inakabwa koo. Na mzee naye alisema kweli aliposema sanduku lisikatwe. Kila mmoja alikuwa na nusu ya kweli, wakapigana kwa nusu hizo.

Mtu ataniuliza, mbona koni huvuta hewa kwa urahisi, lakini haikuleta mbio zaidi? Sababu ninazozijua ni mbili. Ya kwanza, kabureta imepangwa kiwandani kuchanganya petroli na hewa kwa kadiri ya sanduku lile. Ukiingiza hewa nyingine bila kuongeza petroli, mchanganyiko huwa mwepesi, injini hukohoa na kupata joto. Ya pili, koni hukaa karibu na injini, na huvuta hewa iliyokwisha kupata moto. Hewa ikipashwa kutoka digrii 30 hadi digrii 60, uzito wake katika kipimo kile kile hupungua kama sehemu 9 katika 100. Injini hujaza tumbo, lakini chakula ni kidogo.

Kijana hata hivyo alisema, “Lakini mwalimu, nilisikia inakimbia zaidi.” Ndiyo, alisikia. Sanduku lile hupunguza sauti ya pumzi, na likiondolewa sauti hutoka yote. Sikio lilipokea ngurumo, moyo ukaifanya kuwa mbio. Debe tupu haliachi kuvuma.

Tukafanya jaribio la pili, nalo halikutaka saa. Kijana alikwenda Bwakira Chini na kurudi akiwa na chujio jipya la kiwandani. Aliporudi nilifuta ndani ya mpira upelekao hewa kwenye kabureta kwa leso nyeupe. Leso ilitoka na alama ndogo ya mafuta tu. Kesho yake alikwenda njia ile ile na koni, nami nikafuta mdomo wa kabureta kwa leso nyingine. Hiyo ilitoka na vumbi ambalo ungeweza kuandikia jina. Leso zote mbili mzee alizichukua, akazitazama sana, akampa mwanawe. Hakuongeza neno, nami nikamheshimu kwa hilo.

Rafiki aliyetuazima koni alikuwapo. Pikipiki yake ilikwisha kuanza kutoa moshi wa rangi ya buluu na kula mafuta ya injini, ambazo ni dalili za ringi na silinda kuchakaa. Sikusema kwamba koni peke yake ndiyo iliyoiharibu, maana mafuta nayo alikuwa akichelewa kuyabadilisha. Lakini siku ile aliondoka akiisukuma polepole bila kuiwasha.

Tena tukumbuke kwamba mita 400 si kazi ya bodaboda. Kazi yake ni safari ndefu, na hapa Afrika ya Mashariki tunayo shule yetu ya jambo hilo. Mwaka 1953 yalianza mashindano ya magari kwa ajili ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na baadaye yakajulikana duniani kote kwa jina la Safari. Mwaka 1963, na tena mwaka 1968, matope na njia mbaya viliyala magari, hata yaliyofika mwisho yalikuwa 7 tu. Miaka yote hiyo miwili mshindi alikuwa Nick Nowicki, akiendesha Peugeot 404, gari la kawaida ambalo wazee wengi wamelipanda. Miaka ya 1990 magari ya Safari yalionekana na bomba refu la hewa kama pua, limepanda juu hadi darini, ili yasinywe maji ya mito. Mabingwa hao walitafuta mbio kuliko sisi, lakini pumzi ya injini waliilinda. Katika Safari, asiyefika hana mbio za kujisifia.

Sasa niseme machache kwa wenye pikipiki. Chujio la sponji huoshwa kwa maji na sabuni, hukamuliwa bila kusokotwa, hukaushwa kivulini, kisha hupakwa mafuta kidogo na kukamuliwa tena. Msilioshe kwa petroli, maana petroli huila sponji na huweza kuwaka. Chujio la karatasi halioshwi. Hukung'utwa taratibu, na likichakaa hununuliwa jingine. Wakati wa kiangazi lifungueni kila wiki. Tena tazameni mpira wa hewa kama umepasuka, kwa sababu vumbi halina haja ya mlango likipata ufa.

Na kwa wazazi niseme moja. Mtoto akilalamika, usikimbilie kukataa. Kwanza fungua sanduku utazame. Huenda dawa anayoitaka si dawa, lakini ugonjwa wake ukawa kweli. Na ninyi vijana, mtu akiwauzia nguvu, mwambieni aje apime mbele yenu, na kitu cha zamani kioshwe kwanza kabla ya kushindanishwa na kipya.

Marejesho ya mkopo yalianza tena mwezi ule ule, na katika daftari langu limebaki deni la miezi minne. Kila Jumamosi jioni kijana hukaa nyuma ya nyumba akiosha sponji katika beseni, na baba yake ndiye amchoteaye maji.